Mgeni wa Mama Jolie

"Hii viza imekufa," alisema kijana wa zamu ya alasiri pale mpakani, akairudisha pasipoti kwenye dirisha dogo kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

Mama Jolie hakuelewa. Alikuwa amesimama nyuma ya mgeni wake, kikapu kitupu kichwani, na nyuma yake wanawake wa mtaa wake wa Rugenge waliotoka naye Uvira asubuhi. Wote walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja, kijani chenye ndege wa manjano, kwa sababu walikuwa wamevuka kwenda Gatumba, upande wa Burundi, kuhemba. Jolie, binti yake wa kwanza, ameolewa huko na amejifungua, na mzazi ni lazima apelekewe unga, ndagala na mafuta ya mawese na wanawake wa kwao, tena kwa nyimbo na kwa sare. Mgeni naye alikuwa amefungwa kitenge hichohicho juu ya suruali yake ya safari. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua, na kwenye bega bado alikuwa na doa la maziwa aliyocheua mtoto.

"Imekufa aje?" Mama Jolie aliuliza. "Asubuhi ilikuwa nzima. Si Pitchou mwenyewe aliigonga kashe?"

"Njo ile kashe iliiua, mama. Viza yake ni ya kuingia mara moja. Aliingia. Leo asubuhi akatoka. Imeisha."

"Alitoka wapi? Tulienda tu kwa mutoto wangu!"

Kijana akacheka. Wanawake hawakucheka. Kwa mama Jolie na wenzake, kutoka nchi ni kupanda ndege, ni kwenda mahali ambako watu wanakulilia ukiondoka. Kwenda Gatumba ni kwenda sokoni. Wanapita asubuhi kwa jetoni zao, vibali vya wachuuzi, wanauza, wanarudi kabla ya jua kuzama kuwapikia watoto wao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiri kwamba kila siku anahama nchi mara mbili.

Na lililomuuma zaidi ni kwamba kashe ile, mhuri wa kutoka, aliiomba yeye mwenyewe. Pitchou, kijana wa zamu ya asubuhi, alitaka kuwapitisha wote kwa kuwapungia mkono, maana walikuwa wakiimba na yeye alikuwa na usingizi. Mama Jolie ndiye aliyesimama. Mgeni wake apite kama mbuzi, bila hata karatasi yake kuguswa? "Umugongee kashe nzuri, Pitchou, asipate shida." Mgeni aliuliza kwa Kifaransa kama atarudi jioni bila tatizo, na Pitchou akajibu hakuna tatizo kabisa. Aliulizwa kwa adabu, akajibu kwa adabu. Kisha akagonga, na wanawake wakapiga vigelegele.

Mgeni aliitwa Inês. Alikuwa Mreno, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye miguu kama ya mtu aliyelima maisha yake yote. Alikuwa akitembea. Alishuka kwa miguu bonde lote la Ruzizi, akapita Lubarika, akapita Runingu, na nia yake ilikuwa kulizunguka ziwa Tanganyika lote bila kupanda hata pikipiki. Pale Rugenge watu walimwonea huruma wakauliza gari lake limeharibikia wapi. Padri wa Runingu ndiye aliyempigia simu Damien, mume wa mama Jolie, ambaye ni katekista, amwombee mahali pa kulala. Damien alimsimamisha kanisani Jumapili, waumini wakampigia makofi, na wale waliopiga makofi ndio hawa waliosimama sasa kwenye msururu.

Kwa mama Jolie alikuwa mgeni wa raha. Alikula sombe ya majani ya muhogo, alifua nguo zake mwenyewe, aliwachekesha watoto. Kitu kimoja tu ndicho kilichomkwaza mwenyeji wake: hakukubali mtu yeyote ambebee mfuko wake wa mgongoni. Siku aliyofika mama Jolie alimpokea njiani, akanyoosha mikono aupokee kama mtu yeyote anavyompokea mgeni, na Inês akarudi nyuma. Alieleza kwamba watu wa safari hizi wana sheria yao, kila mmoja hubeba chake. Mama Jolie alitembea mikono mitupu mpaka nyumbani huku majirani wanamwangalia, na aibu ile aliihisi mpaka kwenye masikio.

Ndiyo maana siku ya kuhemba hakuthubutu kumwacha. Wanawake wote waondoke, mgeni abaki peke yake na kuku? Huko ni kumfukuza.

Mlango wa ofisi ukafunguka akatoka Térence, mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye kiatu kilichong'arishwa mbele tu. Aliichukua pasipoti, akaisoma kwa muda mrefu. Kisha akainua macho.

"Huyu ni mgeni wa nani?"

Wanawake wakatazama chini. Mama Espoir, ambaye kinywa chake hakijawahi kukosa neno tangu azaliwe, alianza kukaza fundo la kitenge.

"Ni mugeni wangu, Shefu," alisema mama Jolie.

"Jetoni."

Akaitoa kifuani. Ni kipande cha plastiki chenye picha yake, kimechubuka pembeni. Kwa kipande hicho huvuka na ndagala akarudi na sabuni na sukari, na kwa sabuni na sukari hiyo watoto wa Damien wanakula na wanasoma, kwa sababu kazi ya ukatekista hulipwa kwa shukrani, na mara mojamoja kwa kuku. Térence alikitia kwenye mfuko wa shati.

"Jetoni ni ya mwenyewe na muzigo wake," alisema. "Haiko ya kupitishia wazungu."

"Sikumuficha, Shefu. Aligongewa kashe mbele ya watu wote!"

Hilo la kashe Térence hakutaka kulisikia. Pitchou alikuwa mtoto wa dada yake, na yeye ndiye aliyemleta kazini. Makosa yote ya siku ile yangeandikwa kwenye ripoti, na ripoti ingekwenda kwa wakubwa, na ilibidi iwe na mtu ndani yake ambaye si Pitchou. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, na mtu mwenye cheo akiogopa huwa anatafuta wa kumtanguliza.

Aliwaita mama Jolie na mgeni pembeni, karibu na bariyeri ya kufungia barabara, akaongea kwa sauti ya chini.

"Sikiliza, mama. Yeye haingii. Hata kama unalia, haingii. Viza hatuuzishe hapa. Lakini weye iko na njia. Kama alijichomeka yeye mwenyewe katikati yenu, na haumujue, basi kosa ni yake. Anarudi alikotoka, na jetoni yako nakurudishia. Kama ni weye ulimuleta, jetoni inabaki hapa, na haitarudi."

"Shefu, kila muntu ananiona naye."

"Minye siulize kila muntu. Nitauliza weye, nitauliza yeye. Mara moja tu, kabla bariyeri ifungwe."

Inês alisimama akiwatazama. Kiswahili chake kilikuwa cha njiani, cha maji na chumvi na asante, lakini aliona mkono wa mwenyeji wake ukigusa kifua mahali palipokuwa na jetoni na kukuta hakuna kitu.

*

Damien alifika kwa pikipiki ya kukodi, shati la kanisani limelowa mgongoni. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu kwa simu na watu zaidi ya mmoja, kila mmoja kwa namna yake, na mmoja alikuwa amemwambia kwamba mke wake amefungwa pingu. Alipomkuta ameketi juu ya kikapu kilichopinduliwa, mikono iko huru, alishusha pumzi, kisha hasira ikampanda.

"Mama Jolie, njoo hapa."

Wakasimama nyuma ya ukuta wa kituo, mahali wachuuzi wanapojisaidia wakizidiwa. Harufu ilikuwa kali. Wote wawili walijifanya hawaisikii.

"Unangoja nini? Sema haumujue."

"Baba Jolie, weye njo ulimusimamisha mbele ya kanisa."

"Hiyo ilikuwa kanisa. Hii ni bariyeri."

"Ndani ya nyumba yangu alilala kwa kitanda yangu. Mutoto ya Jolie alimuchafulia bega. Leo niseme simujue?"

"Haitamuumiza! Shefu amesema haingii hata aje. Ukisema ukweli, haingii. Ukisema uongo, haingii. Tofauti ni jetoni tu. Watoto watakula nini, ukweli?"

Damien akashusha sauti, akatumia ile ya kufundishia komunyo.

"Hata Petro alimukana Bwana mara tatu, na bado hakunyang'anywa funguo. Minye nakuomba mara moja tu."

"Petro alilia."

"Basi utalia nyumbani."

Alimwangalia mume wake, na kwa mara ya kwanza siku ile machozi yakamjaa. Alimpenda mtu huyu. Alijua kwamba hakusema hivyo kwa ubaya. Njaa ya watoto ndiyo iliyokuwa ikisema. Lakini mama yake mzazi, kule Lubarika, aliwahi kusimama mlangoni mbele ya wenye silaha akawaambia waliomo ndani ni wageni wake, na wakapita. Sasa yeye aogope kipande cha plastiki?

"Minye njo nilimuleta," alisema. "Minye njo niliomba ile kashe. Nikimukana, nitamupokea nani tena kwangu?"

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akarudi kwenye kikapu chake.

Damien alibaki pale ukutani. Jua lilikuwa limeshuka juu ya milima ya Uvira, na upande wa Burundi ulikuwa bado na mwanga. Kijana wa zamu alianza kukusanya viti. Katekista akatazama huku na huku, kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia mke wake. Alikwenda mpaka pale Inês aliposimama, akavua kofia, akasema naye kwa Kifaransa chake cha shule.

"Madamu, mke wangu ni mkaidi. Atasema ukweli."

"Ni vizuri," alisema Inês. "Mimi pia nitasema ukweli. Tulikosea wote wawili."

"Hapana, madamu. Hujaelewa." Aliikunjakunja kofia. "Kile kipande alichochukua mkuu, ndicho shamba letu. Hatuna lingine. Ukisema humjui mke wangu, atarudishiwa. Wewe ukitoka hapa utaenda njia nyingine. Sisi hatuna njia nyingine."

Inês aliutazama mlango wa ofisi. Katika safari zake aliwahi kurudishwa kwenye mipaka, aliwahi kulala nje ya milango ya chuma, na kila mara kilichokuwa hatarini kilikuwa ratiba yake. Hakuwahi kusimama mpakani akiwa ameshika chakula cha watu wengine mkononi. Aliona haya, haya ya kweli, kwamba alisoma viza yake mara nyingi kuliko Biblia na bado asubuhi ile aliliacha neno la Pitchou limtoshe, kwa sababu nyimbo zilikuwa nzuri.

"Yeye atanichukia," alisema.

"Ndiyo, madamu," alijibu Damien. Hakuwa na nguvu za kusema vinginevyo.

*

Térence aliwaita wote wawili mezani. Mlango uliachwa wazi, na wanawake wa sare ya kijani wakasogea mpaka kizingitini. Jetoni iliwekwa juu ya meza, picha juu.

"Mama. Huyu ni mugeni wa nani?"

"Wangu, Shefu. Minye njo nilimuleta."

Nje mtu akaguna. Térence akatikisa kichwa kwa huzuni, akaweka kidole juu ya jetoni na kuivuta taratibu kuelekea kwenye droo.

"Na wewe, madamu," alisema kwa Kifaransa. "Mama huyu anasema amekuleta. Ni kweli?"

Inês alimtazama mkuu, hakumtazama mama Jolie. Alisema kwa Kifaransa, polepole, kila neno peke yake, ili aliyesoma kidogo na aliyesoma sana waelewe sawasawa.

"Mimi simjui mama huyu."

Mama Jolie aligeuka. "Unasema nini?"

"Nilikuwa natembea barabarani. Niliona wanawake wanaimba. Nikaingia katikati yao. Simjui."

"Inês! Unasema nini? Si weye ulilala kwangu?"

"Umevaa kitenge chao," alisema Térence. Hata yeye sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nilikichukua kikapuni. Hawakuona."

Akalifungua fundo kiunoni mwake, pale mbele ya watu, akabaki na suruali yake ya vumbi. Alikikunja kitenge mara mbili, akakiweka mezani kando ya jetoni. Térence alikitazama. Alijua kwamba ni uongo kama alivyojua jina la mama yake, lakini ulikuwa uongo unaofaa kwenye ripoti. Kosa la mgeni, si la kituo. Akaisukuma jetoni mpaka ukingoni mwa meza.

"Chukua, mama. Uende."

Mama Jolie hakuichukua. Alikuwa amesimama mdomo wazi, damu imempanda usoni, na kitu alichohisi hakikuwa shukrani. Kilikuwa aibu tupu. Mbele ya mama Espoir na Rugenge nzima alikuwa amesema "wangu", na aliyesemwa akajibu "simjui". Amegeuzwa mtu anayejipachika kwa wazungu. Ilibidi Damien aingie, achukue jetoni, achukue na kitenge, na kumshika mke wake mkono kumtoa nje.

Bariyeri ilipokuwa ikishushwa, Inês alikuwa tayari ng'ambo, pasipoti mfukoni, akitembea kuelekea taa za Burundi mikono mitupu. Mfuko wake wa safari ulikuwa Rugenge, kwenye pembe ya chumba, karibu na kitanda alichoazimwa.

*

Asubuhi simu ya Jolie ilisema kwamba Warundi wamemkubalia mgeni siku chache za kupita, kwamba alilala kwake, na kwamba ataondoka leo kufuata ufuko wa upande wa pili, mfuko wake ukipatikana.

Damien alikuwa ameshakiri yote kabla hata ya chai. Mama Jolie alimsikiliza akiwasha makaa, hakumgeukia. Mwishoni aliuliza kitu kimoja tu. "Na kama angekataa?" Damien aliinamia kikombe chake kitupu, na mke wake hakumpa chai. Kisha alikwenda pembeni ya chumba, akauinua ule mfuko. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliupachika mgongoni kama mtoto, akaufunga kwa kitenge kile alichokivua mgeni, akatoka.

Dirishani alikuwepo Pitchou, macho mekundu. Alikuwa ameshasemwa na mjomba wake, na kwa namna ya vijana alikuwa amekasirikia kila mtu. Alichukua jetoni, akatazama mgongo wa mama Jolie.

"Ni muzigo wa nani huu?"

Msururu wote ukageuza vichwa. Kama angesema ni wa mgeni wake, ya jana yangeanza upya. Mama Jolie alihisi jasho likimshuka chini ya kamba za mfuko.

"Wangu," alisema.

"Mama Jolie, huu si—"

"Jetoni ni ya mwenyewe na muzigo wake. Muulize Shefu wako."

Pitchou alimtazama kidogo, kisha akamrudishia jetoni yake.

Inês alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha Nkeshimana, mume wa Jolie, viatu vimefungwa tayari. Alipomwona alisimama haraka, akaanza kusema mambo mengi kwa Kifaransa, samahani nyingi, na mama Jolie akainua mkono kumnyamazisha. Alikuja na hasira yake nzima, ameipanga tangu Rugenge. Lakini alipomwona mtu mwenyewe, na macho yake yaliyovimba, aliona kwamba nusu ya hasira hiyo imeanguka njiani.

"Jana ulisema haunijue," alisema. "Vizuri. Minye naitwa Pétronille. Mama ya Jolie, muke ya Damien, natoka Rugenge." Akanyoosha mkono kama anavyonyooshewa mtu mpya. "Na weye? Weye ni mugeni wa nani?"

Inês alitafuta neno. Machozi yalimshuka bila kuyafuta.

"Wako," alisema kwa Kiswahili.

Mama Jolie akamshika mkono, akauminya kwa nguvu mpaka ukauma. Kisha akakifungua kile kitenge kutoka kwenye mfuko, akamfunga kiunoni, fundo la upande kama la wanawake wa kwao. Jolie alikuwa ametoka mlangoni na mtoto, akawatazama.

Barabara ya kusini ilikuwa wazi. Inês alinyoosha mikono aupokee mfuko wake, na mama Jolie akarudi nyuma hatua moja. Walitazamana. Mikono ya Inês ilibaki hewani kidogo, kisha akaishusha, na sheria yake ya safari akaiacha pale kibarazani.

Mama Jolie akaukaza mfuko mgongoni, akatangulia. Alimsindikiza mgeni wake mpaka mahali ambapo, akigeuka, angeweza bado kurudi kabla ya bariyeri kufungwa.